Huduma ya Barua Pepe Inapogoma Kuwaka

Kiranjeranje ni kata ya Wilaya ya Kilwa, kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, ukishapita Nangurukuru na kabla hujavuka Mto Mbwemkuru. Watu wa huku wanaishi kwa ufuta, korosho, muhogo na misitu yenye mpingo, na kwa miaka mingi karatasi za ofisi zao zilisafiri kwa basi: barua inatiwa kwenye bahasha, anakabidhiwa kondakta, mtu wa Dar es Salaam anaifuata stendi. Sasa mambo mengi yamehamia kwingine. Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao. Zabuni za serikali huombwa kupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika 2023. Hata minada ya ufuta wa kusini imeingia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Asiye na anwani ya barua pepe inayofanya kazi hubaki nje ya mengi.

Ndiyo maana swali lililokuwa la mafundi wa mjini peke yao limefika kwenye ofisi za vyama vya msingi, shule, mashirika na kamati zinazosimamia misitu ya vijiji. Ofisi inachoka kutegemea anwani ya bure iliyofunguliwa na katibu wa zamani, ambaye ameondoka na nywila yake. Inalipia jina lake lenyewe chini ya .or.tz au .co.tz, inatafuta kompyuta ya kuwa seva, inamwita fundi. Fundi anapakua programu, anajibu maswali ya usakinishaji, mistari inapita kwenye skrini, kisha unakuja wa mwisho: huduma imeshindwa kuanza.

Hapo ndipo kazi huharibika. Fundi aliye na haraka hufuta kila kitu na kuanza upya, na jibu linarudi lilelile. Anafuta tena, safari hii pamoja na mfumo endeshi. Kila marudio yanakula bando, yanakula siku, na yanafuta ule ushahidi uliokuwa ukieleza kosa liko wapi. Kwa sehemu kubwa ya matukio haya programu ya barua haina ubaya wowote. Imeanza kazi, imetazama mazingira iliyowekwa, imekuta sharti moja halijatimia, ikajizima na kuandika sababu. Sababu hiyo ipo ndani ya faili, inasubiri kusomwa.

Inafaa kukumbuka kwamba barua pepe ya Afrika Mashariki ilizaliwa katika mazingira magumu kuliko ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya ukanda huu, vikiwemo vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, kwa teknolojia ya Fidonet: kompyuta ya kawaida, modemu na laini ya simu ya waya. Barua zilikusanywa, zikabanwa, kisha kompyuta ikapiga simu na kuzipeleka kwa mkupuo. Kituo cha GreenNet cha London kilikuwa daraja kati ya vituo vya namna hiyo na intaneti. Mtandao wa HealthNet nao ulibeba taarifa za kitabibu kwa madaktari wa bara hili. Mifumo ile ilichukulia kukatika kwa mawasiliano kuwa jambo la kila siku, ikajengwa kwa subira. Programu za sasa za usakinishaji zimeandikwa kwa imani tofauti kabisa: kwamba umeme upo, intaneti ipo, saa ni sahihi na kila jina linatafsirika kuwa anwani. Pengo kati ya imani hiyo na hali halisi ya mwambao wa Kilwa na Lindi ndilo linalozaa nusu ya matatizo.

Ni vizuri kuanza na kinachotokea pale huduma inapowashwa. Programu ya barua, tuseme Postfix aliyoiandika Wietse Venema akiwa katika maabara ya utafiti ya IBM na kuitoa 1998, kwanza husoma mafaili yake ya mipangilio. Kisha hujiuliza jina lake ni nani na anwani zake za mtandao ni zipi. Hukagua kama folda za foleni ya barua zina mwenyewe halali na ruhusa sahihi. Hufungua mlango namba 25, ambao umekuwa wa kupokelea barua tangu Jon Postel alipochapisha kanuni za SMTP Agosti 1982. Baada ya hapo ndipo hutulia na kusubiri wageni. Hatua yoyote kati ya hizo ikikwama, safari inaishia hapo.

Kuna jambo hapa linalowapotosha wengi. Katika familia ya Linux ya Debian na Ubuntu, kifurushi kikishafunguliwa, mfumo hujaribu kuiwasha huduma palepale. Huduma ikigoma, mfumo wa vifurushi huandika kwamba usakinishaji haujakamilika. Fundi anaona maneno hayo na kuamini kuwa programu haikuingia, kumbe mafaili yote yapo, kilichoshindikana ni kuwaka tu. Katika familia ya Red Hat mambo hayaendi hivyo: programu huingia kimya, na huduma haiwashwi mpaka msimamizi aamuru. Kosa lilelile, likitokea katika mifumo hiyo miwili, linaonekana kama makosa mawili yasiyohusiana.

Upo pia upotofu wa kinyume chake. Kwa miaka mingi matoleo ya Debian na Ubuntu yaliweka huduma ya Postfix katika tabaka mbili. Ile inayoitwa postfix.service haikufanya kazi yoyote ya barua. Ilikuwa kivuli kinachosema mambo ni mazuri. Kazi yenyewe ilifanywa na nyingine, postfix@-.service. Msimamizi aliyeuliza hali ya ile ya kwanza alijibiwa kuwa iko hai, wakati ile ya pili imekufa na mlango 25 hauna mtu. Saa nyingi zimepotea kwa sababu ya kivuli hicho.

Katika sababu zote, inayojitokeza mara nyingi zaidi ni mlango uliokwisha kukaliwa. Mlango 25 wa anwani moja hupokea programu moja tu, kama gati dogo ambalo chombo kikishafunga kamba kingine hakina pa kutia. Kompyuta nyingi huja na programu ya barua hata kabla fundi hajafikiria kusakinisha yake. Debian kwa miaka mingi imeichukulia Exim, iliyoandikwa na Philip Hazel katika Chuo Kikuu cha Cambridge 1995, kuwa chaguo lake la kawaida. Red Hat na CentOS toleo la 7 zilikuja na Postfix. Mitambo mikongwe zaidi ilikuwa na Sendmail ya Eric Allman, iliyotoka Berkeley mapema miaka ya 1980. Programu hizo ndogo zipo ili kompyuta iweze kumpelekea msimamizi taarifa zake za ndani, na hakuna anayezikumbuka.

Anayesakinisha Postfix kwa kutumia vifurushi vya Debian hawezi kupatwa na hili kirahisi, kwa kuwa mfumo wenyewe huiondoa Exim kabla ya kuingiza mbadala. Wanaoumia ni wale wanaoleta mkusanyiko mzima, kama Zimbra au Mailcow, ambao una programu zake ndani na hauulizani na mfumo wa vifurushi. Zimbra kwenye CentOS 7 iligongana na Postfix iliyotangulia mpaka ikawa desturi ya mafundi kuizima ile ya kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Ujumbe unaoandikwa ni kwamba anwani tayari inatumika. Amri ya ss -ltnp inaonyesha kila mlango ulio wazi na jina la programu iliyoushika. Ni kazi ya sekunde chache, nayo haihitaji bando.

Sababu ya pili ni jina, na hapa panahitaji utulivu. Seva ya barua haiwezi kuishi bila jina kamili linalotafsirika. Kompyuta iliyosakinishwa haraka huwa na jina la nusunusu kama seva1 au localhost, na faili la /etc/hosts katika Debian hulifunga jina hilo na anwani ya ndani 127.0.1.1. Kwa matumizi ya kawaida hakuna ubaya. Kwa Zimbra ni balaa, kwa kuwa moyo wake ni saraka ya LDAP ambamo orodha ya huduma zote imehifadhiwa. Jina lisipotafsirika kwenda kwenye anwani halisi ya mashine, LDAP haifikiki, na ile amri ya kuwasha huduma nyingine inakosa hata orodha ya cha kuwasha. Mtu anaona huduma kadhaa zimeanguka pamoja na kudhani mashine nzima imeoza. Mstari mmoja wa faili moja ndio uliokosewa.

Microsoft Exchange, programu ya barua ya Windows, ina mkasa unaofanana. Inaegemea Active Directory, saraka ya watumiaji na mashine za ofisi, kwa kila kitu, na Active Directory inaegemea DNS, yaani huduma ya kutafsiri majina, ya ndani ya ofisi. Fundi akiandika 8.8.8.8, ile DNS ya Google, kwenye kadi ya mtandao ya seva ili intaneti ipatikane haraka, Exchange inauliza mtawala wa domeni yuko wapi na Google haina la kujibu. Usakinishaji unafika hatua ya huduma ya usafirishaji wa barua na kukwama kwa ujumbe kwamba huduma imeshindwa kufikia hali ya kufanya kazi. Kuondoa alama ya IPv6 kwenye kadi ya mtandao kumewaletea wasimamizi wengi matokeo hayohayo, ijapokuwa ofisi yao haitumii IPv6 hata kidogo, na Microsoft imeonya mara kwa mara isizimwe. Postfix nayo ina toleo lake la kisa hiki: mipangilio ikisema itifaki zote zitumike, huku mfumo endeshi umezima IPv6, inatafuta anwani ya ::1, inaikosa, na inajizima.

Kisha kuna saa. Miongozo mingi huitaja kwa mstari mmoja mwishoni. Kwa kusini mwa Tanzania ingepaswa kukaa karibu na mwanzo.

Kompyuta iliyotumika, iliyonunuliwa ili iwe seva ya ofisi ndogo, mara nyingi ina betri ndogo ya ubao mama iliyokwisha nguvu. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka kadhaa. Mashine inawaka ikiamini iko katika mwaka uliokwisha pita. Mfumo wa vifurushi unagoma kupokea orodha mpya kwa sababu, kwa saa yake, orodha hizo bado hazijaanza kutumika. Cheti cha usalama kilichotolewa jana kinaonekana ni cha siku zijazo. Katika mazingira ya Active Directory, itifaki ya Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5 kati ya mashine na mashine, hivyo huduma zinakataliwa utambulisho na hazianzi. Fundi anasoma neno cheti, anaanza kubadilisha vyeti. Anasoma neno utambulisho, anaanza kubadilisha nywila. Tarehe iliyo kwenye kona ya skrini haitazami. Betri yenyewe ni ile ya duara ya CR2032, bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya gharama ya siku moja ya kazi iliyopotea.

Kwamba tarehe inaweza kuangusha hata mifumo ya matajiri, dunia ililiona 1 Januari 2022. Kichujio cha virusi cha Exchange 2016 na 2019 kilikuwa kikiandika toleo lake kama namba inayoanza na mwaka, mwezi na siku. Mwaka ulipogeuka, namba ikawa 2201010001. Nafasi iliyotengwa kuihifadhi ilikuwa na ukomo wa 2147483647. Namba haikutosha, kichujio kikashindwa kuanza, na kwa kuwa barua haziruhusiwi kupita bila kuchujwa, zikarundikana kwenye foleni za seva duniani kote. Microsoft ilitoa marekebisho ambayo, ili kubaki chini ya ukomo, yalitumia namba 2112330001, yaani tarehe 33 Desemba 2021. Kisa hiki kinafundisha jinsi huduma za barua zinavyobebana: usafirishaji ulikuwa mzima, hifadhi nzima, mtandao mzima, na bado hakuna barua iliyofika.

Vichujio vya virusi vina shida yao pia huku kwetu, na ni ya bando. ClamAV, kichujio cha bure kinachopendwa na wasimamizi wa Linux, hakiwezi kufanya kazi bila hifadhidata ya alama za virusi, ambayo haimo ndani ya kifurushi. Hushushwa baadaye na programu mwenza, freshclam, na ukubwa wake kwa jumla unazidi megabaiti 200. Katika Debian huduma ya clamd imewekewa sharti lililo wazi: kama mafaili hayo hayapo, isiwashwe. Kwenye kituo cha data cha Frankfurt sharti hilo linatimia kabla mtu hajamaliza kusoma sentensi. Kwenye modemu ya simu karibu na Mbwemkuru, mawimbi yakiwa dhaifu, linaweza kuchukua saa nzima, na mara bando likiisha katikati halitimii kabisa. Wakati huo Postfix, iliyoelekezwa kuipitishia ClamAV kila barua, inaahirisha kila inachopokea. Hakuna kilichoharibika. Kuna faili halijafika.

Kumbukumbu ya RAM nayo ina uzito wake. Postfix peke yake inaridhika na mashine duni. Zimbra inataka gigabaiti 8 kwenda juu. Exchange 2019, kwa seva ya masanduku ya barua, Microsoft inapendekeza angalau gigabaiti 128, kiasi ambacho ofisi nyingi za wilaya hazijawahi kukiona ndani ya chuma kimoja. Anayelazimisha mkusanyiko mzito kwenye kompyuta ya gigabaiti 4 hukutana na aina mbili za kifo. Ama kiini cha Linux kinaiua programu inayokula kumbukumbu nyingi ili mashine isigande, ama huduma inachelewa kuwaka kwenye diski ya zamani na kuvuka sekunde 90 ambazo systemd, msimamizi wa huduma za Linux, kwa kawaida huzitoa, nayo systemd inaizima ikidhani imekwama. Aina hii ya pili ina dalili ya kipekee: huduma ikiwashwa tena mara ya pili au ya tatu, wakati mafaili yamekwisha kusomwa na kubaki kwenye kumbukumbu, huwaka vizuri. Fundi anafurahi na kuondoka. Umeme ukikatika usiku, asubuhi tatizo limerudi.

Ruhusa za mafaili zinaweza kusemwa kwa ufupi, isipokuwa kwa onyo moja. Dawa mbili zinazosambaa sana, kuzima SELinux, ulinzi wa ndani wa Linux, na kufungua kila folda kwa chmod 777, ni mbaya kuliko ugonjwa. SELinux ikizuia kitu huandika imezuia nini, na kwa kawaida marekebisho ni kurejesha alama sahihi za mafaili. Folda zilizofunguliwa kwa kila mtu zinazivuruga programu za barua zenyewe, kwa kuwa Postfix na mwenzake wa kusomea barua, Dovecot, zimejengwa na watu waliohofia wavamizi kwa sababu za kweli, nazo hukagua umiliki wa mafaili yao. Tena seva ya barua iliyoachwa wazi haikai siku nyingi kabla haijageuzwa kiwanda cha taka za matangazo na utapeli.

Vyeti vinahitaji maelezo zaidi, maana hapa mazingira ya mtandao wa simu yanaingia moja kwa moja. Dovecot, aliyoianzisha Timo Sirainen 2002, ikielekezwa kwenye cheti ambacho hakipo haiwezi kuwahudumia wasomaji kwa usalama. Wengi hutegemea vyeti vya bure vya Let's Encrypt, vilivyofunguliwa kwa umma mwishoni mwa 2015, vyenye uhai wa siku 90. Ili cheti kitolewe kwa njia ya kawaida, mtoaji hujaribu kuifikia seva kutoka nje kupitia mlango 80. Seva iliyo nyuma ya modemu ya simu kwa kawaida haifikiki, kwa kuwa kampuni ya simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya hadhara. Ukitazama anwani iliyopewa ruta na kuona inaanza na 100.64 au namba inayofuata hadi 100.127, hiyo ndiyo safu iliyotengwa 2012 kwa kazi hiyo. Ombi la cheti linashindwa, faili halizaliwi, Dovecot inalalamika. Mnyororo una pete tatu na kosa limeonekana kwenye ya mwisho. Njia ya kuthibitisha umiliki kwa rekodi ya DNS badala ya mlango 80 hulitatua bila kubadili modemu.

Toleo la 2.4 la Dovecot, lililotoka mwanzoni mwa 2025, liliongeza chanzo kipya. Lilibadilisha lugha ya mipangilio na kudai mstari wa kwanza utaje toleo la mipangilio yenyewe. Mwongozo ulioandikwa miaka mitano iliyopita, ukinakiliwa neno kwa neno, unazalisha huduma isiyowaka. Si kosa la aliyeandika mwongozo wala la aliyenakili. Ni sababu ya kutazama namba ya toleo kabla ya kubandika chochote.

Kwa hiyo uchunguzi uanzie wapi? Miongozo ya kigeni huanza na mipangilio. Kwa ofisi ya Kiranjeranje, Nangurukuru au Somanga, mpangilio wenye tija zaidi unaanza chini kabisa. Tarehe ni sahihi? Amri ya timedatectl inajibu. Diski ina nafasi? Je, umeme ulikatika katikati ya usakinishaji? Kama ndiyo, dpkg --configure -a humalizia kilichoachwa njiani bila kupakua upya. Jina kamili linatoka likiulizwa kwa hostname -f, na anwani linayoelekea ni ya mashine yenyewe? Mlango 25 umeshikwa na nani? Baada ya maswali hayo ndipo panapofaa kugusa mipangilio, kwa postfix check na doveconf -n. Wakati wote huo journalctl -u, pamoja na jina la huduma, iwe wazi pembeni. Kwa Exchange, faili la ExchangeSetup.log lililo kwenye folda ya ExchangeSetupLogs ya diski C ndilo lenye maelezo. Lisomwe kuanzia kosa la kwanza kwa wakati, kwa sababu yale ya mwisho mara nyingi ni mwangwi tu.

Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba ofisi ya kijijini haina sababu ya kuwa na seva yake. Serikali ilifikia uamuzi huo kwa taasisi zake. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanza kama wakala 2012 na kupewa hadhi ya mamlaka kwa sheria ya 2019, inaendesha Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, hivyo halmashauri haihitaji kuhangaika na milango na vyeti. Ofisi isiyo ya serikali inaweza kukodi huduma. Hoja zao ni nzito. Hata huduma ikiwaka salama, seva iliyo kwenye laini ya simu haitafikisha barua mbali: mitandao mingi huzuia mlango 25 wa kutokea, na mapokezi ya Gmail na Yahoo yaliimarishwa Februari 2024, yakidai uthibitisho wa SPF au DKIM na anwani ya IP yenye jina linalosomeka kinyumenyume. Jina hilo hutolewa na mwenye anwani, yaani mtoa huduma, na mteja wa bando hapati.

Hata hivyo kukodi kila kitu nje kuna gharama yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na shirika linaloandikiana na wanachama wake kuhusu mashamba na malipo lazima lijue barua hizo zinalala wapi. Na ofisi isiyo na chochote ndani hunyamaza kabisa pale njia ya nje inapokatika. Mei 2024 ilionyesha hilo kwa ukali. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika kwenye mwambao, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Somanga. Tarehe 12, kabla watu hawajapumua, nyaya za EASSy na Seacom zilizolala baharini zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Basi halikupita na intaneti ikazorota, ndani ya siku 10.

Njia ya kati ipo, na ndiyo inayofaa ofisi nyingi za ukanda huu. Masanduku ya barua yakae kwa mtoa huduma mwenye anwani safi, ikiwezekana ndani ya nchi. Ofisini iwekwe Postfix peke yake kwenye kompyuta ndogo yenye betri ya akiba, bila Zimbra, bila ClamAV, ikipokea barua za kutoka na kuzipitisha kwa mtoa huduma kupitia mlango 587 kwa jina la mtumiaji na nywila. Mfumo wa namna hiyo hauhitaji anwani ya hadhara wala jina la kinyumenyume, na sababu za kugoma kuwaka zinabaki chache: saa, jina, mlango, nafasi ya diski. Mtandao ukikatika, barua zinakaa kwenye foleni. Postfix, bila kubadilishwa mpangilio wowote, huendelea kujaribu kwa siku 5 kabla ya kumrudishia mtumaji, na kanuni za SMTP za 2008 zinashauri kutokata tamaa kabla ya siku 4 au 5.